Roboti Asiyejua Kugeuka Kulia

Maneno haya niliyatoa mbele ya walimu wanaofundisha kompyuta katika shule za sekondari. Baadhi yao waliniomba niyaandike, nami nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Ndugu Mwenyekiti, wakuu wa shule mliohudhuria, walimu wenzangu, mabibi na mabwana,

Naomba nianze kwa kukiri kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha kuandika programu niliingia darasani na lugha ya Java, kwa sababu ndiyo niliyofundishwa chuoni na ndiyo niliyoambiwa kwamba waajiri wanaitaka. Niliandika ubaoni ile programu ya kwanza ambayo kila mmoja wetu anaijua, ambayo kazi yake yote ni kuifanya kompyuta itoe salamu kwenye skrini. Ili salamu hiyo fupi itoke, mwanafunzi analazimika kuandika maneno kadhaa ya Kiingereza yaliyopangwa kwa mfuatano usiobadilika, mabano ya aina tatu, na nuktamkato mwishoni mwa amri. Kijana mmoja wa dawati la nyuma aliuliza neno la kwanza lina kazi gani, nikamjibu kwamba atalijua baadaye. Akauliza la pili, nikamjibu vilevile. Alipofika la tatu, darasa zima lilimjibu kwa niaba yangu: "Baadaye!" Nilicheka pamoja nao, lakini nilipofika nyumbani kicheko kilikwisha. Kwa dakika 80 nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu kwamba kuandika programu ni kunakili maneno yasiyoeleweka bila kukosea, na kwamba anayeuliza maana anawachelewesha wenzake.

Mada niliyopewa leo ni kumfundisha anayeanza kwa lugha nyepesi na kwa ulimwengu mdogo unaoonekana kwa macho. Watu wengi wanaposikia maneno hayo hudhani kwamba tunazungumzia vitu vya kuchezea, ngazi ya watoto wadogo ambayo kijana wa kidato cha kwanza ataona aibu kuipanda. Mimi nitatetea hoja tofauti: kwamba udogo wa lugha hizi umepangwa kwa makusudi, ili mwanafunzi anapokosea, kosa liwe limetoka katika fikra yake mwenyewe, na alione likitembea mbele ya macho yake. Lugha kubwa humnyima haki hiyo, kwa kuwa humjazia siku zake za kwanza makosa ambayo hayahusiani na lolote alilolifikiria.

Wala si sisi tu tunaolalamika. Mwaka 2011 Andreas Stefik na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio ambalo waliwapa watu wasiowahi kuandika programu lugha tatu, na mojawapo ilikuwa na alama zilizochaguliwa kwa kubahatisha tu. Waliotumia Perl, lugha iliyoendesha sehemu kubwa ya intaneti ya miaka ya 1990, hawakufanya vizuri kuwapita kwa kiasi cha kuaminika wale waliopewa alama za kubahatisha. Kwa mtaalamu, alama za Perl zina mantiki na historia. Kwa anayeanza, ni kama zimemwagwa kutoka kwenye kikombe cha dadu.

Wazo la kumtengenezea anayeanza lugha yake lina umri mkubwa kuliko wengi wetu humu ukumbini. Tarehe 1 Mei 1964, katika chuo cha Dartmouth kilichopo jimbo la New Hampshire, wanahisabati wawili, John Kemeny na Thomas Kurtz, waliona lugha yao waliyoiita BASIC ikifanya kazi kwa mara ya kwanza. Walitaka mwanafunzi wa historia au wa fasihi aweze kuandika programu yake mwenyewe, wakati ambapo kompyuta ilikuwa chombo cha wahandisi na wanahisabati. Lugha hiyo ilikuja kuenea sana katika kompyuta ndogo za nyumbani. Mwaka 1975 Edsger Dijkstra, mtaalamu mashuhuri wa Uholanzi, aliandika kwa ukali aliozoeleka nao kwamba aliyekwisha kuonja BASIC karibu haiwezekani kumfundisha kuandika programu nzuri. Alitia chumvi, wako wengi walioanzia hapo wakawa mafundi wa kweli. Upungufu ninaouona mimi ni mwingine. Maneno ya BASIC yalikuwa machache, lakini yaliyotendeka ndani ya mashine yalibaki gizani: mwanafunzi aliona namba zikiingia na namba zikitoka, na katikati yake alitakiwa kuamini.

Miaka mitatu baada ya BASIC kuanza, mwaka 1967, kundi jingine lilitengeneza lugha iitwayo Logo katika kampuni ya utafiti ya Bolt, Beranek na Newman, mjini Cambridge, Massachusetts. Waliokuwamo ni Wally Feurzeig, Cynthia Solomon, Daniel Bobrow na Seymour Papert. Huyu wa mwisho alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928, na kabla ya kuhamia Marekani alifanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, mwanasaikolojia aliyetumia maisha yake kuchunguza jinsi watoto wanavyojijengea maarifa. Wengi hawajui kwamba Logo ya kwanza haikuwa na michoro hata kidogo. Ilishughulika na maneno na sentensi, na jina lake linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "neno". Kobe alikuja baadaye. Mwanzoni alikuwa mashine halisi yenye magurudumu na kalamu tumboni, inayotembea sakafuni na kuacha mstari nyuma yake. Jina hilo la kobe lilikuwa na ukoo wake, kwa sababu mwishoni mwa miaka ya 1940 Grey Walter wa Bristol, Uingereza, alikuwa ametengeneza vimashine vya aina hiyo vilivyofuata mwanga. Skrini zilipopatikana, kobe akapanda kwenye skrini akawa pembetatu ndogo.

Waswahili tunasema kobe akiinama, ujue anatunga sheria. Kobe wa Papert hatungi lolote. Anafuata sheria alizotungiwa na mtoto, neno kwa neno, hata zikimpeleka pabaya. Ukimwambia *mbele 100*, anakwenda hatua 100 kuelekea anakotazama. Ukimwambia *kulia 90*, anageuka hapohapo alipo robo ya mzunguko bila kusogea. Kwa amri hizo mbili na neno moja la kurudia, mtoto anaandika:

*rudia 4 [mbele 100 kulia 90]*

na mraba unatokea. Sijapata kuona darasa ambalo lilihitaji kuelezwa mstari huo kwa zaidi ya dakika tano. Hata hivyo, mraba ni utangulizi tu. Somo lenyewe huanza siku unapowaambia wachore pembetatu yenye pande sawa.

Kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza anajua kwamba pembe za pembetatu hiyo ni nyuzi 60. Amelijua hilo tangu shule ya msingi na amelijibu katika mtihani. Basi anaandika *rudia 3 [mbele 100 kulia 60]*, kwa uhakika kabisa, na kobe anamchorea kitu kama bakuli lililopinduliwa ubavuni, mistari mitatu isiyokutana. Darasa linakuwa kimya. Wengine hudhani kompyuta imeharibika. Wengine hubadilisha namba ovyo, 61, 65, 70, wakitumaini bahati. Hapo ndipo mimi hunyanyuka kutoka kwenye kiti na kumwambia mmoja wao: "Inuka uwe kobe. Tembea pembetatu hapa sakafuni, na unapofika kwenye kona, simama utazame umegeuka kiasi gani." Anatembea, anafika konani, anageuka, na mwili wake unamwambia kwamba amegeuka zaidi ya robo ya mzunguko, karibu kurudi alikotoka. Kobe hageuki kwa pembe iliyo ndani ya umbo. Anageuka kwa pembe ya nje, nyuzi 120. Mwanafunzi yuleyule akiachwa aendelee hugundua kwamba ile 60 yake haikuwa ya bure, kwa maana akirudia mara 6 badala ya 3 anapata umbo la pembesita lililofunga vizuri. Kisha anaanza kuona lililo kubwa zaidi: mraba ni mara 4 kwa 90, pembetatu ni mara 3 kwa 120, pembesita ni mara 6 kwa 60, na kila mara jumla ni 360, kwa sababu kobe aliyezunguka umbo na kurudi akitazama kule alikoanza amegeuka mzunguko mmoja kamili. Yuko binti mmoja aliyeniuliza kama nyota ya ncha tano nayo ni 360. Nilimwambia ajaribu. Aliipata kwa 144 mara 5, akapiga hesabu, akapata 720, akakaa muda mrefu akifuatisha mistari kwa kidole mpaka akasema: "Mwalimu, huyu amezunguka mara mbili."

Tazameni hapo kosa lilikuwa wapi. Halikuwa katika herufi wala katika mabano. Lilikuwa katika wazo la mtoto juu ya maana ya pembe, wazo ambalo lilikaa miaka kadhaa kichwani mwake likipata vema katika daftari la hisabati bila kuguswa na yeyote.

Niende sasa kwa roboti niliyemtaja katika kichwa cha hotuba hii, ambaye kwa maoni yangu ndiye mwalimu bora zaidi kwa vijana wa sekondari kuliko hata kobe. Mwaka 1981 Richard Pattis, aliyekuwa mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Stanford, alichapisha ulimwengu mdogo wa roboti aliyeitwa Karel, kwa heshima ya Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki ambaye tamthilia yake ya mwaka 1920 ndiyo iliyoleta neno "roboti" duniani. Karel anaishi katika mji wa mitaa iliyonyooka inayokatana, kama mistari ya daftari la hesabu. Humo mna kuta, na mna vitu vidogo vya kuokota ambavyo darasani kwangu tunaviita kete. Anaelewa amri tano tu: songa, geuka kushoto, okota kete, weka kete, jizime. Anaweza kuulizwa maswali machache, kwa mfano kama mbele yake ni wazi au kama amesimama penye kete. Hana namba za kuhifadhi, hana visanduku vyenye majina, hana hesabu. Akiamriwa kusonga mahali penye ukuta, hujizima na kazi inaishia hapo.

Mmegundua lililokosekana. Karel hajui kugeuka kulia.

Mwanzoni nilidhani kwamba Pattis alisahau au alikuwa mvivu. Nilipolifundisha somo hilo mara ya pili nikafahamu kwamba ndilo jambo la maana kuliko yote katika ulimwengu ule. Mwanafunzi akihitaji kwenda kulia analazimika kugundua mwenyewe kwamba kushoto mara tatu ni kulia mara moja. Ataandika "geuka kushoto" mara tatu, na mbele kidogo tena mara tatu, na baada ya muda atachoka. Hapo lugha inampa njia ya kutunga amri mpya: anaandika jina, na chini yake mambo ambayo jina hilo litayamaanisha. Tangu dakika hiyo Karel anajua kugeuka kulia, na aliyemfundisha ni mwanafunzi. Kazi yote ya kuandika programu kubwa, hata zile za benki na za simu, imejengwa juu ya tendo hilo la kukipa jina kifurushi cha hatua ili usizifikirie tena. Katika lugha kubwa tunalifundisha jambo hilo katika sura ya saba au ya nane, likiwa limefunikwa na istilahi. Kwa Karel linakuja siku ya pili, tena kwa sababu mtoto analihitaji.

Ninao mchezo mmoja ninaoufanya hapo. Namwambia mwanafunzi abadilishe jina la amri yake mpya, badala ya "geuka_kulia" aiite "ugali". Karel anageuka kulia vilevile. Kisha namwambia aiite "geuka_kulia" lakini ndani yake abakize kushoto mara mbili tu. Karel anageuka nyuma, bila kujali jina linasema nini. Darasa hucheka, na katika kicheko hicho huanguka imani moja ambayo ni chanzo cha makosa mengi ya wanaoanza: imani kwamba ndani ya mashine kuna mtu anayesoma, anayeelewa tulichokusudia, na atakayetusaidia tukikaribia kupatia. Mtafiti Roy Pea aliandika kuhusu imani hiyo mwaka 1986, akaiona kuwa ndiyo mama wa makosa mengine. Wanafunzi wetu hawaisemi kwa mdomo. Wanaidhihirisha wanapokuambia, "Lakini Mwalimu, si nimeandika kulia?"

Sasa nataka kukaa kidogo kwenye jambo ambalo sisi tunaofikiri kwa Kiswahili tuna shida nalo ya pekee, na ambalo sikulielewa mpaka nilipoona darasa langu likikosea kosa lilelile miaka mitatu mfululizo.

Mzazi akimwambia mtoto asubuhi, "Mvua ikinyesha, anua nguo," mtoto mwenye akili haendi dirishani mara moja, akaona jua, kisha akasahau. Anaendelea na michezo yake huku sikio moja likiwa kwenye bati, na tone la kwanza likidondoka saa nane mchana anatoka mbio. Ile "-ki-" yetu inabeba mambo mawili kwa pamoja, "endapo" na "pindi", na inamwachia msikilizaji jukumu la kukesha. Mwanafunzi anapoandika kwa Karel "ikiwa mbele kuna ukuta, geuka kushoto", kichwani mwake anasikia "ukifika ukutani, geuka kushoto". Anaiweka amri hiyo juu kabisa ya programu, mara moja, akiamini kwamba Karel ameisikia na atakumbuka safari nzima. Karel hakumbuki. Alipoufikia mstari ule alitazama mbele, akaona pako wazi, akapita. Hatua sita baadaye anagonga ukuta na kujizima, na nguo zote zimelowa.

Neno la "maadamu", yaani lile la kurudia kwa muda wote ambao hali fulani ipo, lina mtego wa namna hiyohiyo. "Maadamu mbele ni wazi, weka kete kisha songa." Mwanafunzi anadhani Karel anaangalia hali ile wakati wote, katikati ya kila tendo. Ukweli ni kwamba anaiuliza mara moja kila anaporudi mwanzoni mwa mzunguko. Programu hiyo ikiendeshwa katika mtaa wenye kona tano, yaani njia panda tano, Karel anaweka kete kwenye kona nne, anasonga mpaka ya tano, anauliza, anaona ukuta, anaacha. Kona ya mwisho inabaki tupu. Mkulima aliyewahi kujenga uzio analijua jambo hili bila kompyuta, kwa sababu uzio wa mita 10 wenye nguzo kila mita moja unataka nguzo 11. Mwanafunzi akiuona kwa Karel, akaona ile kona moja tupu inamkodolea macho, hatalisahau hata akija kuandika programu za mishahara.

Kwa mantiki hiyohiyo niseme neno juu ya Scratch, lugha ya kuandika programu kwa bloki, kwa sababu najua wengi wenu mnaitumia. Ilitolewa kwa umma mwaka 2007 na kundi la Mitchel Resnick katika taasisi ya MIT, haidai malipo, inaweza kufanya kazi bila intaneti, na katika orodha yake ya lugha Kiswahili kimo. Mwanafunzi anaburuta bloki za amri kwa kipanya na kuzipachika, na bloki zisizooana hazishikani, kwa hiyo kosa la nuktamkato haliwezekani kabisa. Ni chombo kizuri, nami nakitumia. Lakini ndani yake zimo bloki zaidi ya 100, mavazi ya wahusika, sauti na mandhari, na nimeona vijana wakimaliza vipindi vinne wakimbadilisha rangi paka, mhusika wake wa kwanza. Kwa majuma mawili ya kwanza ni ukarimu uliozidi. Tena Scratch ina bloki za matukio ambazo zinakesha kweli, kama yule mtoto anayesubiri mvua, sambamba na bloki ya "ikiwa" isiyokesha. Mwanafunzi asipoonyeshwa tofauti hiyo, ataipachika "ikiwa umegusa ukingo" nje ya mzunguko wa kudumu, kisha ashangae kwa nini paka hageuki anapofika ukingoni. Kama mtaanza na Scratch, waruhusuni bloki sita au saba tu, na zilizobaki waambieni ni za mwezi ujao.

Wapo wazazi, na wapo wakuu wa shule, wanaouliza kama mtoto aliyeanza na bloki hatachelewa. David Weintrop na Uri Wilensky walilipima hilo katika shule ya sekondari ya Chicago. Baada ya majuma 5, walioanza na bloki walikuwa wamepata zaidi kuliko walioanza na maandishi. Wote walipohamia Java, baada ya majuma 10 tofauti ilikuwa imetoweka. Kila mtu atasoma matokeo hayo kwa jinsi apendavyo. Mimi nayasoma kwamba bloki hazimchelewishi mtu, na pia kwamba hazimpi mtu mbawa.

Hapa sina budi kuwa mkweli juu ya upande ambao sisi wapenzi wa kobe hatupendi kuutaja. Papert alitumaini kwamba mtoto anayeishi katika ulimwengu wa kobe atajifunza kupanga na kufikiri kwa namna itakayomfaa kila mahali. Mwaka 1984 Roy Pea na Midian Kurland, wa chuo cha Bank Street mjini New York, waliwapima watoto waliokaa na Logo kwa muda wa mwaka wa shule, wakawapa kazi ya kupanga usafi wa darasa kwa mpangilio mzuri. Watoto wale hawakupanga vizuri kuliko wenzao ambao hawakuijua Logo. Papert alijibu kwa hasira kidogo kwamba Logo si dawa ya kupimwa kama kidonge, na nadhani alikuwa na haki kiasi. Lakini matokeo yalibaki kuwa matokeo.

Ikapita miaka minne. Mwaka 1988 Sharon Carver na David Klahr, wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, walichapisha kazi ambayo nadhani kila mwalimu humu anapaswa kuifahamu. Badala ya kuwaacha watoto na kobe wakitumaini kwamba hekima itawaingia, waliwafundisha waziwazi hatua za kusaka kosa: eleza ulichotarajia, eleza kilichotokea, kisia ni aina gani ya kosa, kisia liko sehemu gani ya programu, kisha nenda hapo ukalisahihishe. Watoto hao walipopewa baadaye maelekezo ya kawaida yaliyoandikwa kwenye karatasi, yasiyohusu kompyuta, walifanya vizuri zaidi katika kuyatafutia makosa. Ulimwengu mdogo ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni mwalimu.

Kutokana na hayo nimejiwekea desturi moja darasani, na ni ngumu kuliko inavyosikika. Hakuna anayeruhusiwa kubonyeza kitufe cha kuendesha programu kabla hajachora kwenye daftari mahali ambapo Karel atasimama mwishoni. Vijana hawaipendi. Wanataka kubonyeza, waone, wabadilishe namba, wabonyeze tena, na hapo ulimwengu mdogo unakuwa mashine ya kubahatisha. Asiyetabiri hawezi kushangaa, na asiyeshangaa hana sababu ya kurudi kuisoma programu yake. Zaidi ya hayo, daftari lina faida ambayo sisi wa shule zenye kompyuta 12 kwa wanafunzi 60 tunaifahamu vizuri: wanafunzi 48 wanaosubiri zamu nao wanafanya kazi.

Limebaki suala la lugha ya maneno yenyewe. Wenzetu wa Kenya waliidhinisha silabasi ya kuprogramu mwaka 2022, na kwetu somo linazidi kupata nafasi, lakini pande zote mbili za mpaka mtihani wa sekondari unaandikwa kwa Kiingereza. Je, tufundishe *forward* au *mbele*? Katika Logo unaweza kutunga amri iitwayo *mbele* kwa mistari mitatu, na *rudia* kwa mistari mitatu mingine. Katika Python, lugha nyingine maarufu ambayo inakuja na kobe wake tayari, ni mstari mmoja kwa kila amri ya kobe. Ni kazi ya robo saa. Mimi huanza kwa Kiswahili kwa majuma mawili, na juma la tatu nawaonyesha faili nililolificha, lenye amri zile zilizotungwa kutoka kwenye zile za Kiingereza. Kwa kuwa tayari wanajua kisa cha "ugali", hawashtuki. Wanaona kwamba mwalimu naye alifanya walichofanya wao kwa Karel. Tatizo lisiloisha ni ujumbe wa makosa, ambao unabaki kwa Kiingereza. Logo angalau ina adabu: ikikutana na neno isilolijua husema haijui jinsi ya kulifanya, kana kwamba inaomba ifundishwe. Nyingine hufoka. Kwa hizo tuna daftari ukutani, ambalo kila ujumbe mpya unaandikwa pamoja na tafsiri ya Kiswahili na jina la aliyeupata kwanza. Huko Uholanzi, Felienne Hermans alianzisha mwaka 2020 lugha ya kufundishia iitwayo Hedy, inayoongeza kanuni ngazi kwa ngazi na kukubali amri kwa lugha nyingi, hata Kiarabu kinachosomwa kutoka kulia. Hiyo inatuonyesha kwamba si lazima mtoto avuke mto wa lugha ya kigeni kabla ya kuruhusiwa kufikiri.

Ndugu Mwenyekiti, nimeona unatazama saa, na mimi nimesema kwa nusu saa juu ya vitu vinavyopaswa kuonwa. Kwa idhini yako naomba tusogeze viti vya mbele. Nimekuja na chaki. Nitachora sakafuni mitaa mitano kwa mitano. Mstari wa viti vile ndio ukuta, na vifuniko hivi vya soda ndivyo kete. Namhitaji mwalimu mmoja awe Karel, na akumbuke kwamba hajui kulia ni wapi. Waliobaki mtamwongoza kutoka kona hii, azunguke ukuta, aokote kete ile na kuirudisha hapa, kwa amri tano tu, mkiwa mmeziandika zote kabla hajainua mguu. Mwalimu wa hisabati pale nyuma, naona umeshaanza kumnong'oneza jirani yako. Tafadhali andika kwanza, na chini yake uchore atakaposimama.